Binti Yako Ananiamini, na Mimi Sikubali

Zedekiah Lumwaji,
Fundi wa Pikipiki,
Nyuma ya Soko, Kangemi.
Ijumaa.

Kwa Bwana Tarsem Singh,
Nyumba ya Geti la Kijani,
Loresho.

Bwana Tarsem, mteja wangu na mshuku wangu wa miaka ishirini na sita,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA DAKTARI NAVNEET KWA KOSA LA KUNIAMINI

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, mguu juu ya mto kama ulivyoambiwa hospitalini, na si juu ya ngazi ukimwonyesha fundi wa stima jinsi ya kushika bisibisi. Mimi ni mzima. Rael mke wangu ni mzima. Meno yangu si mazima, lakini hilo usimwambie binti yako, maana atataka kunisaidia bure, na kwa sasa mimi na yeye tuna kesi.

Kisomo changu unakijua, kiliishia darasa la sita. Kwa hiyo pale nitakapokosea namba za malalamiko wewe hesabu upya mwenyewe. Kuhesabu ndiyo kazi uliyokuwa ukiifanya hapa.

Jumatatu asubuhi Navneet alileta ile pikipiki yako, ambayo siku hizi anasema ni yake. Nilimsikia tangu Waiyaki Way. Silinda nne, injini ya cc mia sita, sauti kama cherehani iliyokasirishwa. Akasema imefika kilomita elfu ishirini na nne, na kukiwa na baridi inasitasita kuwaka, kwa hiyo anataka valvu zipimwe. Mpaka hapo sina neno, mtoto alieleza vizuri kuliko babake anavyoelezaga. Kisha akavua kofia, akaniwekea ufunguo mkononi, akaniambia, "Mzee, mimi niko na wagonjwa saa tatu. Wewe fanya tu." Akaenda zake stegini, akapanda gari la Westlands. Hakugeuka hata mara moja.

Bwana Tarsem, hakuhesabu bolti. Hakuandika kilomita kwenye kiganja. Hakupaka plagi rangi ya kucha ya mamake, ile nyekundu, ili ajue kama zimebadilishwa. Hakuketi. Katika Kangemi yote, na Kirinyaga Road yote, na popote katika mji huu ambapo injini hufunguliwa, mwenye chombo huketi kando ya fundi wake mpaka bolti ya mwisho ikazwe, asije akarudi nyumbani na plagi za marehemu. Ndivyo mambo yalivyo. Sisi mafundi hatukasiriki, kama vile wewe hukasiriki daktari akikwambia uvue shati. Lakini mteja akiondoka na kuacha pikipiki imefunguliwa, basi ama amekufa au pikipiki haikuwa yake.

Malalamiko yangu nimeyapanga hivi:

1. Kwanza, ameniharibia jina. Haikufika saa nne Awuor wa chai akaja na birika lake, akaangalia ile stuli yako iko tupu, akauliza, "Na mwenyewe ako wapi?" Nikasema ameenda kazini. Akanitazama, akaitazama pikipiki, akaenda moja kwa moja kwa Bramwel wa kuchomelea vyuma. Kufika saa sita kulikuwa na habari tatu sokoni. Ya kwanza, kwamba pikipiki nimeinunua, na kwa hiyo kuna shamba nimeuza kule Vihiga bila Rael kujua. Ya pili, kwamba nimeiokota. Ya tatu ndiyo iliyoniumiza: kwamba mimi ni mgonjwa wa kufa, na nyinyi watu wa Loresho mmeniachia niichezee kidogo kabla sijaenda. Mama mmoja wa mboga alinipa pole na ndizi mbili. Ndizi nilikula. Jina langu halijarudi.

2. Pili, kazi yenyewe haifanyiki hivyo. Unajua ile injini ilivyofichwa. Ili uzione valvu sharti uvue plastiki za pembeni, kiti, tangi, sanduku la hewa, na mabomba ambayo mimi naamini Wajapani waliyaweka kwa sababu yalibaki. Ukifika chini mkono wangu hauingii, wako hauingii, na wa Bramwel ukiingia hautoki. Kila mara nikifika kwa lile sanduku la hewa, mimi husema hawa watu walitengeneza injini wakaitupa kisimani, na wewe hujibu kwamba Wajapani si wajinga, ni vidole vyangu vimenona. Hiyo ni hatua ya kazi, hairukwi. Jumatatu niliyasema maneno yangu, nikanyamaza kukupa nafasi, akapita kuku. Nikaendelea, lakini bolti zilikuwa ngumu kuliko kawaida.

Kisha valvu. Ziko kumi na sita. Injini ikiwa na moto huwezi kuzipima, kwa hiyo pikipiki ililala kwangu, sebuleni, na Rael akaifunika kitambaa cha kochi kwa sababu alisema haifai kitu kama hicho kukaa uchi mbele ya kalenda ya kanisa. Asubuhi nikaingiza lile bapa la kupimia, jembamba kama karatasi ya Biblia, chini ya kila kemu, ile nundu inayoisukuma valvu. Kumi na nne zilikuwa sawa. Mbili za upande wa moshi zilikuwa zimebana, na hapo ndipo kusitasita kulikotoka, maana valvu ambayo haifungi vizuri huachia nguvu kabla moto haujashika. Sasa utaratibu wetu unaujua. Mimi nasema imebana. Wewe unasema nadanganya, natafuta kazi. Mimi nasema haya, shika mwenyewe. Unapangusa vidole kwa leso, unalivuta bapa mara mbili, unainua nyusi, unasema "hmm". Binti yako ameniachia kitabu cha hiyo pikipiki, kurasa mia nne na picha juu. Nimekipekua chote na hiyo "hmm" haimo. Lakini mimi nakwambia, valvu ambayo haijasemewa "hmm" haijapimwa.

3. Tatu, uaminifu wangu umekosa shahidi. Kwa miaka ishirini na sita sijakuibia hata washa moja ya bolti, na kwa kila siku ya miaka hiyo ulikuwapo ukiona. Rekodi safi. Sasa kuna siku nne nzima katika maisha yangu ambazo mtu anaweza kusema lolote. Plagi nne mpya kabisa zilikuwa mezani. Padi za breki zilikuwa hapo zikinitazama. Sikuchukua kitu. Lakini nani anajua? Nilimweleza Rael, akasema hakuna aliyeuliza. Nikamwambia hapo ndipo penye shida.

Nikaona nisikae tu nikilia, nitafute mtu wa kunishuku kwa muda. Nilianza na Bramwel. Nikamweka kwenye stuli nikamwambia anitazame kwa jicho baya. Alijitahidi kwa dakika tano, kisha akashika tochi kunimulikia, kisha akasema, "Lakini Mzee, wewe si mtu wa kuiba." Nikamfukuza. Nikaenda kwa Jamleck, mzee wa mtaa, ambaye yeye hushuku watu hata bila kuombwa. Huyo alifanya kazi, siwezi kumsengenya. Alinishuku mimi, akaandika namba ya pikipiki kwenye daftari, akamshuku binti yako, akataka kujua kwa nini daktari wa meno anahitaji chombo cha kukimbia namna hiyo, mwisho akaanza kuwashuku Wajapani. Lakini hajui injini. Nilichukua plagi moja mbele ya macho yake nikaiweka mfukoni, makusudi, nikangoja. Alikuwa anasoma simu. Ilibidi niitoe mwenyewe nimripotie. Hata hapo aliniambia niirudishe tu, yaishe.

4. Nne ni fupi. Chai. Mteja ndiye humnunulia fundi chai, ili fundi asipate kisingizio cha kuinuka na kwenda kona. Hakuna mteja, hakuna chai. Siku ya pili Awuor aliniletea kikombe bila kuagizwa akasema ni sawa tu. Sauti aliyoitumia ni ile ya kuongea na wafiwa.

5. Hii ingekuwa ya kwanza lakini nilitaka mkono upoe kabla ya kuiandika.

Jumanne saa nane nilimpigia binti yako. Nilitumia heshima zote. Nikasema Daktari, tafadhali njoo uketi. Akauliza nini kimeharibika. Nikasema hakuna. Akauliza basi aje kufanya nini. Nikasema kuilinda pikipiki. Dhidi ya nani? Nikasema dhidi yangu. Alicheka mpaka nikasikia mgonjwa wake naye anacheka, na mdomo wa watu ukiwa wazi namna ile si vizuri. Nikamweleza kwamba babake hakuwahi kuniacha na injini wazi hata kwa kwenda chooni. Basi akaacha kucheka, akaniambia maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Mzee, si Baba ndiye aliniambia nikuachie ufunguo niende kazi? Alisema hajawahi kukushuku hata siku moja."

Bwana Tarsem, nilikata simu nikaketi kwenye stuli yako. Tangu niinunue sijawahi kuiketia. Ina msumari upande wa kushoto, na wewe hujawahi kunilalamikia.

Nikaanza kufikiri, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha. Nikakumbuka mwaka 2011, ile pikipiki yako ya kijivu, gia zote ziko chini kwenye gunia, na wewe umelala hapo kwa saa mbili mdomo wazi. Mimi nilidhani ni ujanja, kwamba unajifanya umelala ili unikamate. Nilifanya kazi kwa adabu sana siku hiyo. Nikakumbuka vile ulivyokuwa ukienda kupokea simu unarudi baada ya chakula cha mchana, unauliza, "Bolti zangu ziko ngapi, Fundi?" na mimi nikisema kumi na mbili unakubali bila kuangalia. Na ile rangi ya kucha. Ulikuwa ukipaka plagi kwa makini, ulimi nje kama mtoto wa nasari, lakini tulipokuwa tukifunga hukuwahi hata mara moja kuinama uone kama rangi ipo. Nilikuwa nikiona. Nilikuwa nikisema moyoni, huyu Mhindi amezeeka, anasahau.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama umemdanganya binti yako, na hilo ni kosa la mzazi, au umenidanganya mimi kwa miaka ishirini na sita, na hilo ni kosa ambalo hata Jamleck hajui linaandikwa ukurasa gani. Na kama hukuwa unanishuku, basi ulikuwa unaketi hapa, kwenye msumari, kwenye vumbi, ukiacha duka lako la bearing na nyumba yenye feni, kufanya nini? Mimi swali hilo silijibu. Nimekuuliza wewe.

Kwa sababu hizo nadai yafuatayo, na nimeyaandika kwa herufi ili yasichanganyike na malalamiko:

(a) Ukane kwa maandishi kwamba uliwahi kuniamini. Ukurasa mmoja unatosha. Nitaubandika karibu na kipimo cha pampu ya upepo, watu wasome.

(b) Umfundishe Navneet kushuku. Si vigumu, akili anayo. Ahesabu bolti kwa sauti. Aulize, "Hii kweli ilikuwa inaangalia huku?" Achukue spana ninayoihitaji, aipanguse, aiweke mahali ambapo sitaiona. Nikisema kitu kimekwisha aseme bado. Cheni nikiipima, iwe imelegea upana wa vidole viwili kama inavyotakiwa, aulize ni vidole vya nani. Haya yote uliyajua bila kufundishwa, nadhani ni ya damu.

(c) Mpaka atakapohitimu, uje wewe mwenyewe.

Hapa najua utaleta goti. Binti yako aliniambia, nami sikumuuliza, kwamba tangu upasuaji hutaki kuonekana Kangemi na fimbo, kwa sababu huku ulizoea kuingia kwa kishindo. Niruhusu niseme kama rafiki na kama mtu aliyekosewa. Sisi tumekuona ukipita hapa miaka minane juu ya pikipiki iliyotengenezewa mtu wa miaka ishirini, kichwa chini, makalio juu, tumbo limelazwa kwenye tangi kama mtoto anayebebwa kliniki. Hatukucheka. Tulicheka, lakini tulingoja upite. Mtu aliyeonekana hivyo na akaendelea kuheshimiwa haogopi fimbo. Huku kuna wazee watatu wenye fimbo ambao magoti yao hayana neno, wanazibeba kwa hasira tu.

Tena mambo nimeyatengeneza. Bramwel ameiongezea stuli miguu, imepanda kama kiganja kimoja, ili goti lisikunjwe sana, na ule msumari ameukata. Hakuuliza ni ya nani. Lile shimo la pale mlangoni nimelijaza kokoto. Nilimwambia Jamleck ni kwa ajili ya usalama, akakubali mara moja. Usije na Navneet nyuma ya pikipiki, kile kiti cha nyuma kinatosha mkate, hakitoshi mtu. Njoo na gari, lisimame karibu na kwa Awuor, kutoka hapo ni hatua kumi na tisa. Nimezihesabu mimi, kwa hiyo wewe utasema ni ishirini na mbili.

Na jambo lenyewe ni la haraka. Ninapoandika, injini iko wazi. Kifuniko kiko pembeni, kemu ziko juu ya gazeti, zile valvu mbili hazijawekewa vidonge vyao vipya vya chuma vya kurekebisha nafasi, na zote kumi na sita zinaangalia juu kama kwaya inayongoja mwalimu. Yeyote anaweza kupita akachukua apendacho, na wa kwanza katika hao yeyote ni mimi. Siifungi. Nakataa kuifunga. Mteja wa aina yenu asiposhuku ndani ya siku tatu, nitaanza kuiba kwa utaratibu, kidogo kidogo, kuanzia na bolti ndogo, na lawama itakuwa ya waliokuwa na nafasi ya kunizuia wakachagua kuniheshimu.

Salamu zangu kwa Mama Navneet, na umwambie rangi yake ya kucha sitairudisha maana ilibaki hapa tangu mwaka jana na Rael ameikalia. Salamu kwa yule mbwa wenu anayenichukia, ndiye pekee katika nyumba yenu mwenye msimamo. Salamu kwa goti. Bramwel anakusalimu, Awuor anakusalimu, Jamleck anakusalimu lakini anauliza ulikuwa wapi kati ya Februari na sasa.

Ni mimi ambaye bado nastahili kuchungwa,

Zedekiah Lumwaji,
Fundi.

Nyongeza: Bila shaka umegundua kwamba barua hii imeletwa na pikipiki ile ile ninayosema iko wazi. Utakuwa umeisikia ikiingia getini kabla karatasi haijafika mkononi mwako. Ilikwisha jana. Vidonge viliingia, valvu zote zimekaa kwenye kipimo, "hmm" nilisema mwenyewe. Navneet yuko hapa anavaa glavu, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo, nimemwambia ni orodha ya vipuri. Atakupa mkononi. Hakuna kilichopungua, usihesabu. Niliijaribu mpaka Uthiru na kurudi, inawaka kwa kuguswa tu. Kisha nikaenda Uthiru tena, na mara hiyo ya pili haikuwa kujaribu. Kwa hiyo hapa hakuna kitu cha kulinda, mimi siibi, wewe unajua, na sasa najua kwamba ulikuwa unajua. Njoo hivyo hivyo.